Joto Linalolala Pale Pale

Ubelgiji, Machi 2025. Mwaka wa thelathini na mbili tangu niondoke Lubumbashi.

Kalenga, mdogo wangu,

Wamekuchafulia jina.

Jana mkuu wa maabara tuliyoitumikia sote wawili aliwaambia wageni, nami mstaafu nikiwa miongoni mwao, kwamba koili ya sumaku iliungua kwa kosa lako. "Marehemu alituhakikishia kwamba joto limelala." Limelala! Nilisimama na fimbo yangu ya uzeeni, nikamkatiza mbele ya wote.

Unakikumbuka kikao kile. Ulishika utepe wetu, mwembamba kama karatasi, unaopitisha umeme bila upinzani wowote ukipozwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika. Ukawaonya: katika nyaya za zamani joto lilisambaa upesi, vipimo vikaliona, tukazima umeme mapema. Utepe huu sivyo. Joto linang'ang'ania nukta moja, vipimo vinaliona kwa shida, na unaposhtuka pameshaungua. Neno letu la nyumbani ukalitia Kifaransa: joto "linalala". Kwetu mgeni aliyelala ni mgeni ambaye hakuondoka. Wao wakasikia mtoto aliyetulia, wakacheka, wakarudia kahawa yao.

Uliomba tabaka la shaba liwe nene zaidi, ili umeme upate pa kupita utepe ukigoma. Wakakataa, eti koili itakuwa kubwa mno. Kwenye ngazi ukaninong'oneza kwa lugha ya kwetu, ukiniita Yaya, yaani mkubwa wako, "Yaya, siye batoto ba Kipushi, banatunyima mukuba!" Nilicheka hadi nikashika ukuta. Shaba, Kalenga! Sisi tuliozaliwa juu ya migodi yake tunyimwe shaba!

Ulipofariki hawakungoja hata matanga yaishe. Waliiwasha koili vile vile. Ikatoboka mahali pamoja, padogo kama ukucha.

Hilo ningelimeza. Lakini maneno hayo yamefika nyumbani: mke wako amenipigia simu kutoka Ruashi, kule Lubumbashi. "Yaya, ni kweli bwana yangu njo aliunguzaka mashini?" Sauti yake... Nikamjibu, "Hapana, mama. Alibaambia. Habakusikia." Akalia.

Na mkuu, bila haya, ananiomba nitoke kwenye pensheni nikasuke koili mpya, kwa kuwa wewe hupo.

Pumzika, mdogo wangu. Nakuahidi nitamdai akiri, mbele ya wageni wale wale, kwamba uliwaonya. Watoto wako watalisikia hilo kutoka kinywani mwake.

Asipokiri, maabarani kwake sitarudi.

Yaya wako