Mwalimu wa Meza Tatu na Aliyemfungia Ukumbi

Unamkumbuka Mwalimu Mkuu, mwanetu, yule aliyekufungia ukumbi wa shule katikati ya semina? Mwaka umetimia tangu ututoke, na siku hizi hakauki sebuleni kwetu.

Lakini tuanze na wewe. Ulikuwa mpole tangu tumboni. Hata teke hukumpiga mama yako. Kazi yako ilikuwa kuwafunza walimu wa shule za Kanisa namna ya kufundisha darasa lenye watoto wa kila aina: mwepesi, mzito, asiyesikia vizuri, asiyetulia kitini. Somo moja, meza tatu: ya kusoma, ya kusikiliza, ya kushika kwa mikono. Ulikaa sakafuni ukikata maboksi ya sabuni kuwa herufi, ukizibandika msasa ili kidole cha mtoto kizisome, huku ukiimba wimbo wa kwaya, ubeti wa kwanza tu, maana wa pili hukuwahi kuujua. Penseli ukiichomeka kwenye nywele, kisha nyumba nzima tunaitafuta.

Mwalimu Mkuu yeye alisimama mbele ya walimu wake akasema, "Hapa ni shule, si soko la meza meza. Mzito wa kichwa akae benchi la nyuma, asicheleweshe wenzake." Wakacheka. Kesho yake mkakuta kufuli mlangoni mwa ukumbi. Ukawamalizia mafunzo kwenye chumba cha kwaya, wengine wamekalia ngoma. Nyumbani ukasema, "Mwache, Mama, ataelewa." Mama yako akanyamaza. Kunyamaza si kusamehe.

Sasa ofisi ya elimu ya jimbo imetangaza kwamba kila shule itakaguliwa kwa ufundishaji ule ule wako. Mwenye kufuli akakumbuka kwamba herufi zako zimo chumbani kwako. Akaja. Mama yako akampa kile kigoda cha wanao, magoti yakamfika kidevuni. Akamnywesha chai, akamzungumzia mvua. Akaondoka hajasema kitu. Akarudi, ikawa vile vile.

Dada yako akanong'ona jikoni, "Mama, muulize basi anataka nini."

"Mdomo anao. Siku ile mdomo huo ulifanya kazi vizuri."

Juzi chai ilimshinda. "Mama, nimekuja kuomba vifaa vya marehemu. Bila hivyo nitaaibika."

"Utavipata, baba. Jumamosi, baada ya misa ya mwanangu, ukumbini kwako. Watafundisha wale wa chumba cha kwaya."

"Basi mimi nitafungua semina kwa maneno machache."

"Wewe utafungua kufuli. Halafu utakaa benchi la nyuma."

"Mbele ya walimu wangu, Mama?"

"Kwani siku ile ulisemea wapi?"

Akageuza kikombe mkononi, akaitikia kwa kichwa. Hivyo walimu wote wanakaribishwa Jumamosi. Waliocheka wawahi, benchi lile si refu.

Tunaokukumbuka, na tutakaokukumbuka mpaka tukufuate, ni mume wako ambaye bado anaokota penseli chini ya kitanda, wanao wawili, dada yako, wifi zako, na mama yako. Yeye mwaka mzima hakusema alilolitaka. Analisema leo, hapa kwenye tangazo hili, watu wote wasome:

"Sikutaka aniombe radhi, mwanangu. Nilitaka akae chini, umfundishe."