Chamchela Iliyozaliwa Kwenye Mshono

Mpendwa Mama Makena,

Naomba msaada wako, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanikasirikia. Mimi ni Chepchumba, mzaliwa wa Nandi, nafundisha fizikia katika shule ya upili hapa Lodwar mwaka wa saba sasa, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikisomea shahada ya uzamili nikiwa huku huku kazini, na kazi yangu ni kuiga kwa hesabu, ndani ya kompyuta, mwendo wa hewa inayokwenda kasi kuliko sauti. Najua utacheka. Mume wangu Kipngeno hucheka kila siku, ananiambia ndege zenyewe zinazotua Lodwar ni za kuhesabu kwa vidole, sasa hizo zinazoishinda sauti nimepanga zitue wapi.

Kazi yenyewe iko hivi. Hewa ikipita kwa kasi hiyo juu ya ngazi ndogo ndani ya injini, pale chuma kinaposhuka ghafla, inavurugika, inajiviringisha, inafanya chamchela kama zile tunazoziona uwanjani hapa saa saba mchana zikibeba vumbi na mifuko ya plastiki, kwa hiyo unaigawa nafasi yote katika vyumba vidogo vidogo, laki kadhaa, na kompyuta inahesabu jinsi hewa ya kila chumba inavyosukuma ya chumba jirani, hatua kwa hatua, siku baada ya siku, mpaka uone chamchela zinazaliwa wapi na zinafia wapi, umwambie fundi wa injini ajihadhari na sehemu gani.

Programu ya kufanya hivyo sikuiandika peke yangu. Sehemu kubwa ni ya Onésphore, Mkongo wa Bukavu, aliyekuwa mwaka wa tatu wa hesabu chuoni kabla hajakimbia, na sasa anafundisha katika shule ya kambini Kakuma. Tulijuana kwenye semina ya walimu hapa Lodwar mwaka 2011, alipopewa kibali cha wiki moja kutoka kambini, na tangu hapo tunatumiana kazi kwa flashi ndani ya bahasha, tunampa dereva wa gari la Kakuma. Nimekula kwake mara mbili, mkewe Caritas akinipikia maharagwe na lengalenga, mchicha wa kwao, akikataa katakata nisaidie hata kuosha sahani.

Basi Septemba mwaka jana walimu tuligoma, shule ikawa tupu, nikapata maabara ya kompyuta peke yangu, nikaanzisha hesabu kubwa kuliko zote nilizowahi kujaribu. Siku ya nane Longor, mtu wetu wa jenereta, akasimama mlangoni, akanisalimu kwa Kiturkana chake, "Ejok, mwalimu, lakini dizeli imekwisha," na kompyuta zikazimika zote. Dizeli ilipokuja, mgomo ulikuwa umemalizika na wanafunzi wanarudi Jumatatu wakizitaka kompyuta zao, nami nikaendelea pale hesabu ilipokuwa imehifadhiwa, ila ili nimalize haraka nikavipanua vyumba vya nyuma na kuviacha vya mbele vidogo kama vilivyokuwa. Nilijua nimefanya hivyo, Mama. Sikuandika popote.

Na hapo ikatokea chamchela moja kubwa, nzuri ajabu, imesimama nyuma ya ngazi mahali ambapo sijawahi kuiona katika kitabu chochote. Nililia kwa furaha. Dakta Ochola, msimamizi wangu chuoni, nilipomtumia alinipigia siku hiyo hiyo akasema hii sasa ndiyo tasnifu.

Oktoba Onésphore akairudia hesabu nzima kwenye kompyuta kuukuu ya kituo cha masomo kule Kakuma, vyumba vyote vikiwa sawa, siku kumi na tisa, amebandika karatasi ukutani ya kuwasihi watu wasiizime. Akanipigia. "Madamu, nimerudilia mara mbili. Ile chamchela haiko. Iko tuchamchela tudogo tudogo tu, tunashikana, tunaachana." Nilimjibu vibaya sana. Nilimwambia kompyuta yake mbovu, na kwamba kuandika programu si kuijua fizikia. Akasema, "Sawa, Madamu," akaniomba nimsalimie mume wangu, akakata simu.

Kumbe kubaya zaidi kulikuwa mbele. Novemba Dakta Ochola aliniandikia kwamba ipo nafasi ya mkimbizi mmoja kumalizia shahada chuoni kwao, jina lipelekwe kabla ya tarehe kumi na tano Februari, na je, huyo mwenzangu wa Kakuma hesabu zake ni za kutegemewa? Nikajibu kwamba kompyuta yake inamsumbua na majibu yake hayalingani na yangu. Kila neno lilikuwa kweli, na barua nzima ilikuwa uongo. Dakta akasema basi, atatafuta mwingine, ingawa mpaka leo hajampata.

Mwezi huu wa Januari nafsi ilinisuta nikarudia hesabu mwenyewe, vyumba vyote sawa, na chamchela yangu ikatoweka. Haikuwa hewa. Ilizaliwa pale vyumba vidogo vilipokutana na vikubwa, kwenye mshono nilioushona kwa haraka zangu. Kipngeno anasema ninyamaze, nani Lodwar atakagua mambo hayo, nami natetea tasnifu tarehe kumi na tisa Februari, na nikisema sasa naona miaka mitatu inakwenda na maji, lakini Onésphore, akidhani nilimpelekea Dakta majibu yake ya Oktoba, bado ananitumia ujumbe, "Daktari ameshajibu?" na mimi simjibu, nazima simu, naona aibu hata kumtazama Longor. Nifanye nini? Jina langu usilifiche gazetini. Nikilificha nitakuwa nimefanya yale yale.

Chepchumba, Lodwar
28 Januari 2013

MAMA MAKENA ANAJIBU

Mwalimu Chepchumba,

Pole. Nimekupa pole moja, ishike vizuri, maana sina ya pili.

Hesabu mimi niliiachia kidato cha pili, na hewa inayoishinda sauti siijui hata kwa jina. Lakini kabla sijaanza kuandika gazetini nilishona sare za shule hapo hapo Lodwar miaka tisa, na mshono naujua. Ukiunganisha vipande viwili visivyokatwa sawa, nguo inavimba pale vinapokutana. Kitambaa hakina kosa na mvaaji hana kibyongo, ni mkono wa fundi. Fundi mwenye haya anafumua. Wewe, mwanangu, ulimwambia mteja kwamba ule uvimbe ndio mtindo mpya.

Kukosea kwenyewe sikulaumu. Dizeli imekwisha, watoto wanarudi, wewe uko peke yako na mashine, nani asingeharakisha? Na kuipenda ile chamchela ulipoiona, hata hapo nakuelewa, kitu kizuri kikizaliwa mikononi mwako lazima ukipende. Ninachokulaumu ni ile simu ya Oktoba. Mtu amekaa siku kumi na tisa akilinda kompyuta kuukuu kwa ajili ya kazi yenye jina lako, anakuletea ukweli kwa adabu, nawe unamkumbusha kwamba yeye si msomi kama wewe! Halafu ukachukua kalamu ukamfungia mlango ambao yeye hata hakujua umefunguliwa. Huko ni kumdhulumu mtu, Chepchumba. Hakuna jina lingine, wala sitakutafutia.

Kipngeno anauliza nani Lodwar atakagua. Mwambie mkwe wangu kwamba Onésphore ameshakagua, na wewe mwenyewe umeshakagua. Mnangoja nani tena? Au mnamngoja yule fundi wa injini, ahangaike kuikwepa chamchela isiyokuwepo huku zile ndogo zinamharibia chuma?

Sasa sikiliza, na usinijie na "lakini".

Ukishaisoma barua hii, kabla hujavua viatu, mpigie Dakta Ochola. Usimwandikie, kwa sababu ukishika kalamu unakuwa mjanja mno. Mwambie kwa mdomo: nilipanua vyumba, sikusema, chamchela ni ya mshono, Onésphore alikuwa sahihi tangu Oktoba, na nilipokuandikia Novemba nilikupotosha. Halafu mwambie lile jina lipelekwe. Tarehe kumi na tano bado haijafika na nafasi bado haina mtu. Ungeniandikia mwezi ujao ningekuwa nakufariji tu. Leo nakutuma kazi.

Pili, panda gari uende Kakuma mwenyewe. Usimpe dereva bahasha! Yeye hawezi kuja kwako bila kibali, wewe unaweza kwenda kwake bila kumwomba mtu, na hilo tu lingetosha kukupeleka. Ukifika usianze na kompyuta wala vyumba. Anza na yale maneno uliyomwambia kwenye simu, yataje kama ulivyoyasema, mbele ya Caritas, maana ndiye aliyemwona mumewe usiku ule baada ya kukata simu. Akikasirika mwache akasirike. Akinyamaza, usimjazie maneno, kaa naye hivyo hivyo. Na safari hii osha sahani, akatae asikatae.

Tatu, miaka yako mitatu haiendi na maji, acha kulia. Una hesabu mbili: moja yenye mshono na moja isiyo nao. Hata mimi mshona sare naona kwamba anayejua uvimbe unatoka wapi ana la kuwafundisha wenzake, maana huwezi kuniambia ni wewe peke yako duniani uliyewahi kupanua vyumba dizeli ilipokwisha. Mwombe Dakta akuahirishie utetezi, uyaandike yote mawili kama yalivyotokea, jenereta ikiwemo, na zile chamchela ndogo zinazoshikana na kuachana uzitaje kwa jina la aliyeziona kwanza. Huenda ukachelewa mwaka mmoja. Chelewa! Utasimama mbele ya wale wazee wa chuo bila kuogopa swali lolote, na hiyo raha hujaionja tangu Septemba.

Umeniambia nisifiche jina lako, na hilo ndilo lililonifanya nikuweke mbele ya barua nyingine zote zilizoko mezani. Sikulificha. Lakini kulitaja lako ni kulitaja na la Onésphore, kwa hiyo nimekutumia jibu hili kwa basi la Jumatatu, unalo mkononi Jumanne. Gazeti linafika Lodwar Ijumaa, na Kakuma Jumamosi. Una siku nne za kufika kwake kabla yangu.

Na wewe Onésphore, ukiwa unasoma hapa na mwenzako ameshafika, mpe kiti, mwambie Caritas aweke sufuria jikoni. Ikiwa hajafika, nipigie hapa gazetini nikupe namba ya Dakta Ochola. Chepchumba ameiandika nyuma ya bahasha ya barua aliyoniletea, kwa kalamu nyekundu, bila mtu yeyote kumwomba.