Nilikataa Kuandika "Mkia"

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, nawe nakusihi usome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, maana mwenyewe nimekwisha kujihukumu.

Kwa miaka thelathini na mmoja nimetunza vitabu vya mafundi katika kampuni ya kutengeneza lifti, chumba changu kilikuwa na rafu mpaka darini na dirisha dogo linalotazama karakana, na hapo dirishani fundi mkuu, rafiki yangu ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akiegemea na kuniita, "Bwana Sarufi, nipe kitabu cha ile inayolia kama mbuzi!" nami nilimpa bila kuuliza, na kurasa zilizohitajika zaidi tulizijua kwa weusi wa vidole vya mafuta, tukacheka, na sijui siku hizo zilikwenda wapi.

Mwaka jana vitabu vyote vilikatwa vipande vipande na kutiwa kwenye kompyuta ili mafundi wavisome kwa simu, nami nikapewa kazi ya kukiwekea kila kipande lebo: ni cha lifti gani, sehemu gani, kazi gani, toleo lipi, na mwisho kabisa "majina mengine" yanayotumiwa na mafundi. Nafasi hiyo ya mwisho niliiacha tupu. Kile chuma kinachotokeza nyuma ya mota, ambacho huvutwa ili breki ilegee, marehemu alikibatiza "mkia" na karakana nzima ikamfuata, lakini mimi niliandika "wenzo", kwa kuwa ndilo neno sahihi.

Wiki iliyopita nilikwenda kupimwa macho, simu nikaiacha mezani, niliporudi saa sita nikakuta imeita mara saba, na ya nane nikaipokea, kumbe ni binti wa marehemu, ambaye naye sasa ni fundi.

"Baba mdogo, nimeandika mkia mpaka kidole kinauma, kompyuta inasema hakuna! Lifti yenyewe ngeni, siwezi kubahatisha."

"Mkia ni wa ng'ombe. Andika wenzo."

"Wenzo? Wenzangu wako chini wananingoja, na mama mjamzito amekwama humo analia tangu saa nne!"

Mama yule alitoka salama. Lakini tangu siku hiyo binti hunipa shikamoo bila kunitazama, na meneja amesema nijaze majina yote kabla ya mwisho wa mwezi au nikabidhi ufunguo. Mshauri, nitasema kweli: sikuwa nalinda lugha. Nilitaka wakikwama waje dirishani. Nikiyaandika yote, nani ataniita tena?

Bwana Sarufi

JIBU

Bwana Sarufi,

Pole kwa kufiwa na rafiki, kwani naona bado hujamaliza kumlilia. Pole hiyo imetosha, sasa sikiliza.

Wewe mwenyewe umesema kwamba weusi wa vidole ndio uliokuonyesha ukurasa. Je, uliwahi kuufuta kwa sababu ni uchafu? Basi lebo ni weusi huohuo, ila mtu huuandika kwa makusudi. "Wenzo" ni neno sahihi, nami nakuunga mkono: liache palepale lilipo. Lakini neno sahihi asilolijua mwenye kushika spana ni sawa na mlango uliochorwa ukutani. Weka yote mawili, kila moja mahali pake. Hakuna sarufi iliyokataza kitu kuwa na jina la nyumbani.

Tena ulificha majina, na mama mjamzito akalipia upweke wako kwa saa mbili. Usilipambe jambo hilo. Dirisha lako lilikuwa tupu kwa sababu ulikwenda kupimwa macho, na siku moja litakuwa tupu kwa sababu nyingine. Ni wewe tu unayejua kila jina alilolitoa marehemu liko ukurasa gani, nawe unataka kuondoka na ujuzi huo? Huko ni kumzika mara ya pili.

Jumatatu asubuhi, kabla binti hajavaa ovaroli, mwombe radhi, tena mbele ya wenzake. Kisha mwombe saa moja kila siku mpaka mwisho wa mwezi. Mkalishe kwenye kiti chako, pitieni kipande kimoja baada ya kingine, yeye aseme karakana inakiitaje, wewe uandike kama alivyotamka.

Akikosea ngeli, meza mate.