Waya wa Mbwa wa Mama Wacera

Kayole, Nairobi
Jumatano

Kwa dada yangu Nakhumicha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa ndugu yako Shiundu. Natumaini hujambo, na mama naye hajambo, na yale magoti yake yamempa nafasi ya kulala. Wapwa zangu je? Mwambie Kezia sijasahau kalamu zake za rangi. Na Ayuma, kama bado analala amekumbatia shati la baba yake, mwache alale nalo. Juzi kwenye simu nilisema mmnyang'anye lisije likachakaa. Yalikuwa maneno ya kipumbavu. Mimi ni mzima wa mwili, na zaidi ya hapo sitakudanganya.

Najua utashangaa kupokea barua wakati simu iko mfukoni. Dada, nimekupigia mara tatu nikiwa na neno moja mdomoni, na mara zote tatu nikisikia sauti yako najikuta nauliza habari za ng'ombe. Basi nimeona niandike. Pasta wetu anasafiri kuja huko Ijumaa, na ameniahidi atakukabidhi mkononi.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, mume wako Andati alikufaje hasa. La pili, kama utie sahihi ile karatasi ya polisi inayosema wewe, mjane wake, unataka Oketch ashtakiwe kwa kifo hicho. Kesi yake inatajwa Jumatatu, na hii ni wiki ya sita yuko rumande. Nitakujibu yote mawili, lakini tafadhali usiruke mistari. Nakujua, tangu shule ulikuwa unasoma mwisho kwanza.

Unakumbuka shemeji alipokuja Nairobi nilimtafutia kazi kwenye ploti ninayopanga, ya Mama Wacera. Alikuwa anafagia, anafungua maji, na kulisha mbwa. Mbwa walikuwa watatu. Mama Wacera ni mjane, watoto wake wako ng'ambo, na wale mbwa ndio waliomjua. Ua wa nyuma umezungushiwa mabati tu, na mbwa walikuwa wakichimba chini yake na kutoka. Siku moja Kifaru, mkubwa wao, akagongwa na lori pale Spine Road. Mama Wacera alimbeba mwenyewe kwenye kanga mpaka nyumbani. Ndipo akaniuliza, mimi fundi wa stima, kama hakuna namna ya kuwazuia wale wawili waliobaki, Soja na Bosi, bila kuwafunga minyororo.

Nikamwambia ipo, na nilisema kwa madaha, unanijua. Nikaweka nyaya mbili kuzunguka ua, moja usawa wa pua ya mbwa na nyingine usawa wa goti la mtu, na mashine ya fensi kwenye kabati la mita chini ya ngazi. Mashine ya namna hiyo haiui. Inatoa pigo moja fupi kila sekunde, linauma na kuachia, na ukikaa kimya ua mzima unaisikia, tik, tik, tik. Tukafunga vitambaa vyeupe kwenye waya ili mbwa wauone. Andati akawatembeza na kamba, mmoja mmoja, mpaka kila mmoja akanusa, akapiga kelele, akakimbilia miguuni kwake. Baada ya wiki mbili hakuna aliyesogelea mabati. Soja alikuwa mjanja zaidi. Alikuwa anatega sikio kwanza, akisikia tik anageuka kwenda zake.

Shemeji naye alijifunza kutoka kwangu. Wapangaji walipoogopa kuanika nguo huko nyuma, nilimwonyesha jinsi ya kugusa waya kwa mgongo wa mkono. Wee, hapo nilimpa mchezo! Kila mpangaji mpya alikuwa anaitwa nyuma aone. Andati anasikiliza tik, anagusa, anaruka, anacheka na lile pengo lake, anawaambia kofi la mwalimu wa darasa la pili lilikuwa kali kuliko hilo.

Kisha ikaja ile Jumanne ya radi. Stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, na mashine ikaungua. Iliungua kwa sababu kile kifaa cha kuikinga na radi sikuwa nimekiweka, ingawa nilimwambia Mama Wacera kipo. Kesho yake asubuhi Soja alisikia kimya. Kabla ya saa sita alikuwa ameshachimba, yuko barabarani, na Andati anamkimbiza katikati ya magari. Alimrudisha amemshika shingo, wote wawili wakihema. Mama Wacera akaniomba nisimfanye azike mwingine. Jioni nikamwambia asiwe na wasiwasi, mashine nimeitengeneza.

Alhamisi saa nne asubuhi Andati alikutwa amelala kwenye ua, mkono wake karibu na waya, ndani ya maji ya mvua. Polisi walikuja. Upande wa pili wa mabati kuna karakana ya Oketch, fundi wa kuchomelea vyuma, na wakauona waya wake wa stima ya wizi umepita juu ya mabati yetu, umechubuka ngozi mahali pawili. Wakaniuliza mimi kama fundi. Nikaandika kwamba fensi ilikuwa imezimika tangu Jumanne, mashine imeungua, mwaweza kuifungua mwone, na kwamba stima iliyomuua shemeji ilitoka kwa Oketch. Mashine waliifungua, na kweli ilikuwa imeungua. Mama Wacera akasema lakini nilimwambia imepona. Nikawaambia nilisema hivyo kumtuliza, na polisi wakatikisa kichwa kwa kunihurumia. Hayo ndiyo uliyosimuliwa kwenye matanga.

Mke wa Oketch, Kanyiva, huja kwangu kila Jumapili. Hanitukani, afadhali angenitukana. Anasimama mlangoni na mtoto mgongoni na kuniuliza tena kwa upole, kama fundi, kama ule waya wa mumewe unaweza kweli kuwa ulivusha stima kwenye mabati yaliyokuwa makavu upande wa ndani, mpaka kwa mtu asiyeyagusa. Jumapili iliyopita alisema Oketch amekonda hata pete imemtoka kidoleni, na anaanza kuamini mwenyewe kwamba aliua mtu.

Dada, keti kama umesimama.

Sikuitengeneza mashine. Kipuri kilikuwa kipatikane Jumamosi, na niliona aibu kurudi kwa Mama Wacera kumwambia nilimdanganya. Kwa hiyo nilichukua stima moja kwa moja kutoka kwenye soketi ya kabati na kuipeleka kwenye waya wa mbwa, nikapitisha kwenye balbu moja ya zamani. Mafundi wengi huku tunaamini balbu hupunguza makali. Aliyenifundisha kazi aliniambia hivyo, na mimi nimewaambia wengine. Ni uongo. Balbu huacha ipite stima ya kutosha kuua mtu aliyesimama kwenye maji. Na kwa kuwa hakukuwa na tik, nilitia saa ya mezani ndani ya boksi la mashine, ili Soja akitega sikio asikie na kurudi.

Soja aliisikia akarudi. Saa peke yake ingetosha, Nakhumicha. Stima haikuhitajika hata kidogo.

Sikumwambia Andati. Niliogopa atanicheka mbele ya wapangaji. Usiku wa Jumatano mvua iliangusha kitambaa kimoja, na asubuhi akaenda kukifunga. Bila shaka alisikiliza kwanza, kama nilivyomfundisha. Akasikia tik, akajua ni kofi la mwalimu tu.

Mimi nilikuwa nimerudi kuchukua koleo nililosahau. Balbu ile haiwaki ovyo. Inawaka tu kama kuna kitu kimeshika waya. Nilipoingia langoni niliona mwanga kwenye upenyo wa mlango wa kabati, mwanga mwekundu, hafifu. Nikadhani ni Bosi. Nikachomoa waya kwenye soketi, nikatazama uani, nikamwona shemeji. Kitambaa kilikuwa mkononi mwake.

Sasa nakuambia lile lililonizuia kwenye simu. Sikumkimbilia. Nilifungua balbu nikaitia mfukoni. Nikatoa saa. Nikarudisha waya wa fensi kwenye mashine iliyoungua, nikakaza skrubu zote mbili. Ndipo nikaenda kwake, ndipo nikapiga kelele watu waje. Umeniuliza mara nyingi kama aliteseka, kama alisema neno. Sijui, dada. Sijui kama alikuwa bado na pumzi niliposhika skrubu ile ya kwanza. Ningejua kama ningemtazama yeye kwanza.

Kwa hiyo usitie sahihi. Kama umeshatia, nenda kwa chifu ukaikane, mwambie ndugu yako ameungama kwa mkono wake, na umwonyeshe karatasi hii. Mimi Jumatatu asubuhi nitakuwa kortini kabla ya Oketch kuletwa, nina balbu na saa kwenye mfuko wa sandarusi. Kanyiva nitamwambia kesho. Mama Wacera nilimwambia leo. Alikwenda nyuma akakata nyaya zote kwa mkasi wa bustani, na sasa Soja na Bosi wamefungwa minyororo, wanalia mchana kutwa.

Sikuombi unisamehe, sina uso huo. Naomba uniandikie hata mstari mmoja kuniambia umeipata. Ukishindwa, nitaelewa.

Msalimie mama, lakini mwambie mwenyewe, taratibu, akiwa ameshakula. Wasalimie majirani waliochimba kaburi, hasa wale niliosimama nao nikishika jembe. Na watoto wasomee zile salamu za mwanzo tu, za kalamu na shati. Wakikua watanitafuta, na mimi sitajificha.

Ni mimi, ndugu yako,
Shiundu