Swali Nililolijibu Mimi

Kariakoo,
Jumapili, baada ya ibada

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Natumaini miguu imeacha kuvimba na mvua za huko Machame hazijaangusha migomba. Kaa chini kwanza ndipo usome, na barua hii usimpe mtu akusomee.

Elia ametoka wodini juzi. Anakunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari, kwa hiyo ujue ni yeye yule yule. Lakini mambo siyo kama nilivyokuambia kwenye simu.

Unakumbuka ule uvimbe wa saratani kwenye ini lake. Daktari wetu, Mhindi mzaliwa wa Upanga ambaye Kiswahili chake kinanishinda mimi Mchaga, alisema huenda akaukata kwa matundu madogo manne na kamera, bila kupasua tumbo zima, na Elia angerudi upesi kwenye marobota yake ya mitumba. Ila alitaka kwanza kupima ugumu wa kazi. Uvimbe ukikaa juu kwa nyuma, karibu na mshipa mkubwa, vyombo havifiki vizuri. Wa Elia ulikuwa ukingoni kwa mbele. Ukiwa mkubwa ni shida. Wake ulikuwa mdogo. Mtu akiwa alishapasuliwa zamani, matumbo huwa yameshikana. Elia hajawahi kupasuliwa. Mpaka hapo tulikuwa tunafurahi.

Kisha akauliza, "Pombe je, bwana Elia? Niambie ukweli. Ini lililochakaa linavuja damu sana, na kupitia matundu kuizuia ni kazi kweli."

Mzee wa kanisa alikuwa amekaa nasi, alikuja kutuombea. Elia akaangalia chini. Mimi nikadakia, "Hatumii kabisa, daktari. Huyu ni mwanakwaya."

Elia aliniangalia kwa shukrani, Mama. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiokota chupa nyuma ya marobota kila asubuhi.

Vipimo vya damu havikusema mengi. Kamera ilipoingia, daktari akakuta ini gumu, lina vinundu kama ganda la fenesi. Alipoanza tu kukata, damu ikafunika kila kitu, ikabidi wampasue tumbo ili wamwokoe. Damu waliizuia. Uvimbe wameuacha mle mle, maana ini ambalo lingebaki lisingetosha kumweka hai.

"Ningejua, nisingegusa," daktari aliniambia kwenye korido. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Sasa zimebaki dawa za maumivu tu, na muda uliobaki sikuwa na moyo wa kuuliza.

Elia hajui. Ameona mshono mrefu, anaamini wametoa kila kitu. Ameniagiza nikuandikie kwamba amepona, usihangaike na safari, atakuja mwenyewe Krismasi. Yuko hapa kitandani, anadhani ndicho ninachoandika.

Msalimie shemeji Joeli, na shangazi aliyenipokea siku ya harusi. Sababu usiwaambie, nitawaambia kwa mdomo wangu.

Nichukie baadaye, Mama. Panda basi la kesho.

Mkweo,
Aneti

Anataka kuweka salamu zake kwa mkono wake. Nimekunja karatasi asione huku juu.

Mama shikamoo. Nimepona kabisa, mke wangu amenihangaikia sana. Usije. Mwanao, Elia.