Yowe la Mchana wa Mfungo

Kerenge, Korogwe
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa mdogo wangu Sabiri,

Assalaam aleikum. Nakuuliza hali, na unijibu yote, usinikatie vipande. Goti la kushoto linasemaje? Shemeji hajambo? Na yule jogoo wenu anayewika saa nane mchana kama karani aliyechelewa kazini, bado anaishi au mmeshamtia kwenye wali? Sisi huku ni wazima, mvua imetugusa kidogo, mahindi yana rangi. Mgonjwa ni mimi peke yangu, na ugonjwa wenyewe hauna dawa pale zahanati: nimeshindwa kukaa. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Barua hii niliianza jikoni, Tatu akanifukuza kwa kugongagonga meza. Nikahamia barazani, nikahamia chini ya ghala. Sasa naandikia juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usidhani nimelewa.

Utauliza kwa nini barua na simu ninayo. Unanijua. Kwenye simu nikibanwa natia mzaha, wewe ukicheka tu mimi nimeshapona. Karatasi haicheki.

Kwanza habari ya posa ya mwanao Sadala. Jumamosi ile nilikwenda kwa Mzee Awadhi kama ulivyonituma, na kanzu ya kuazima, nimenyoa mpaka nikajikata. Tulipokewa kwa kahawa na tende. Mzee akamsifu kijana, akasema fundi pikipiki asiyesema uongo hajapata kumwona ila huyu. Nikaanza kunenepa pale pale kwenye mkeka. Kisha akaweka kikombe chini, akasema kijana hana kasoro na binti yake Maryamu hana kasoro, ila nyumba yake haiozi kwa watoto wa Pamba. Akasema mtu aweza kuwa maskini, aweza kuwa na sura kama yangu, aweza hata kukoroma msikitini, watu wakamvumilia. Lakini asiyeitika yowe, mtachangiaje naye damu? Nikamkumbusha kwamba mbuzi wa faini ulimtoa. Akanijibu kwamba mbuzi aliliwa siku ile ile, aibu haina mlaji.

Mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kulala njaa, nikashukuru kwa kahawa nikaondoka. Sadala nimemwambia bado wanashauriana. Huo ni uongo wa kwanza ndani ya barua hii. Mwingine unakuja.

Sasa nikupe habari ya masomo yangu, maana nimerudi shule. Mjukuu wangu Husna yuko kidato cha pili, na mwalimu wake amewapa maneno ya Kiingereza ya kupiga kelele, kila neno na matumizi yake. Juzi mchana alikuwa barazani anasoma kwa sauti, mimi napukuchua mahindi ya mbegu, na Bernadina, aliyekuja kuomba mbegu, ananisaidia kupepeta. Kiingereza nilikiacha darasa la sita, nacho hakikunifuata, lakini nilisikiliza. Kumbe Waingereza nao ni watu wa makelele, tena wameyapanga kama vitenge dukani! Shout ni kupaza sauti yenye maneno ndani yake. Ukimwita mtu aliye ng'ambo ya mto, ni shout to; ukimfokea mkeo, ni shout at. Tatu akasema kutoka jikoni kwamba hiyo ya pili aliihitimu siku ya tatu ya ndoa. Scream haihitaji maneno, ni hofu au maumivu yanayotoka yenyewe. Shriek ni nyembamba na fupi, ya mtu aliyekanyaga chura. Yell ni ya hasira, au ya mpira ukiingia golini. Howl ni ndefu, ya mbwa, na ya mtu aliyefiwa.

Nikataka kumkomesha mtoto kidogo. Nikamuuliza: katika yote hayo, lipi ukilisikia huna ruhusa ya kumaliza ulichoshika, lazima utupe jembe ukimbie? Akapekua daftari mbele na nyuma, akasema hakuna. Nikajipiga kifua kwamba Waingereza tumewapita. Naye, mjanja kama bibi yake, akanigeuzia: basi yowe aliandike mahali gani? Nikamwambia aliandike kwenye scream, yaishe.

Bernadina akaacha kupepeta. Akasema siyo.

Akasema siku nyumba yake ilipoungua, moto ulikuwa umeshashika mkono wa gauni lake na mama yake yuko ndani hajiwezi, lakini sauti aliyotoa hakutoa ovyo, aliichagua. Akatusimulia kwamba baba yake, Ernesti, alipokuja kukata mkonge kutoka kwao mbali, aliwafundisha watoto wake kwamba ukifika nchi ya watu, kwanza jifunze kuomba maji, pili jifunze wenyeji wanavyopiga yowe, maana ukilia kwa namna ya kwenu hawatakujia. Basi siku ile alipiga kama tunavyopiga sisi: tatu ndefu, kiganja mdomoni, anyamaze kidogo, tena tatu. Akasema alilipiga vizuri kuliko waliozaliwa hapa. Ndiyo maana mpaka leo hajui Sabiri alilikosaje, na shamba lenu lilikuwa la kwanza kutoka kwake. Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayeuliza kisu amekiweka wapi. Akaendelea kupepeta kwa mkono ule ule wenye vidole viwili vilivyokunjika.

Ungo wa mbegu nilizopukuchua ukanitoka, kuku wakashukuru. Tangu saa ile sijakaa.

Sabiri, turudi kwenye mfungo wa mwaka tisini na sita. Wewe ulikuwa chini kwenye mbaazi, mimi juu karibu na kichuguu. Ulipanda mbio na jembe begani, ukaniuliza kama nimelisikia yowe. Nikakuambia si yowe, ni vigelegele, watu wa kambi ya mkonge wana sherehe yao, wao hawafungi. Ukauliza mara ya pili. Nikakuambia kwamba mkubwa wako ana masikio. Ukanitii, ukarudi kwenye mbaazi.

Kwenye kikao cha kijiji nilisema kwamba mchana ule nilikuwa Korogwe mjini natiliwa mpini jembe. Ukanitazama mara moja tu. Ukawaambia ulisikia ukadhani vigelegele, na hukusema nani alikudhanisha. Wakacheka, wakakuita Pamba, eti ndiyo iliyokuziba masikio, wakakutoza mbuzi. Idi haikupita siku nyingi ukahamia Handeni.

Najua kwa nini ulininyamazia. Ulidhani masikio ya kaka yako yalikosea, na kukosea si dhambi.

Hayakukosea. Nililijua lile yowe tangu la kwanza. Nyuma ya kichuguu nilikuwa na mahindi manne mabichi juu ya makaa na la tano lilikuwa tumboni. Mimi, mtoto wa mwalimu wa madrasa, saa saba mchana, mwezi wa Ramadhani! Njia ya mkato ya kwenda kwa Bernadina inapita pale pale, na nilijua tukiitikia na sisi, wengine watafuata nyayo zetu waione karamu yangu. Ulipogeuka kushuka, nilikaa nikala la pili. Moshi wa nyumba ya Bernadina ulikuwa unapanda juu ya miti. Niliuona, Sabiri. Niliuona nikaendelea kutafuna.

Miaka thelathini nimewachekesha watu wa Kerenge. Mtu anayechekesha hakuna anayemuuliza alikuwa wapi.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Bernadina nikamwambia, na mahindi yote nikayataja. Nilijiandaa kwa shout at, kwa yell, hata kwa mchi wa kinu. Hakupaza sauti. Alinitazama mpaka nikaanza kuhesabu vifungo vya shati langu, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kumwambia yeye hakutoshi, niende nikaseme pale pale mwenzangu alipotozwa mbuzi. Akaingia ndani. Mbegu zangu alizirudisha mlangoni.

Basi Ijumaa hii, watu wakitoka msikitini, nitasimama mbele ya ofisi ya kijiji. Kabla ya kusema lolote nitapiga yowe, tatu ndefu na kiganja mdomoni, ili waje wote, na Mzee Awadhi kwa mkongojo wake. Mbuzi wa faini nimeshamfunga, ni yule dume jeusi, ananitazama sasa hivi kama anasoma ninachoandika. Wakinipa jina nitalichukua. Wakikataa kula nami mezani, nimekwisha kula mengi peke yangu nyuma ya kichuguu.

Sikuombi unisamehe kwa barua, hilo lingekuwa ujanja wangu mwingine. Nakuomba upande gari la asubuhi, upitie Segera au njia ya mkato, nipe mgongo ukitaka, lakini uwepo. Nataka wakutazame wewe wakati nasema. Usipokuja nitasema vilevile, na posa ya Sadala nitairudia Jumamosi kwa jina lako lililosafishwa.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto, mwambie Sadala nilimdanganya. Tatu anakusalimu, haya yote ameyajua jana, na hajanisemesha tangu jana. Husna anakusalimu, anauliza kama unajua Kiingereza.

Safari hii anayeita ni mimi, mdogo wangu. Ukisikia, ni yowe. Si vigelegele.

Ni mimi kaka yako, mwenye hiyo pamba tangu mwanzo,

Sufiani