Macho ya Mama Nyirarukundo

Jumanne, 6 mars 1956
Nimemaliza ubao wa nane wa Njia ya Musalaba, wa kupaka wino na kupigia picha kwenye karatasi. Wanawake wa Yerusalemu wanamulilia Yesu. Yule wa mbele nilimuchonga sura ya Mama Nyirarukundo, muuza samaki wa Kituku, kule ziwani. Alikubali mwenyewe, akicheka: "Mimi, kanisani? Uniweke vizuri, mwanangu!" Nilimupa macho yake yenyewe. Yanamukazia askari.
Mbao zote nane ni mukono wangu. Chini tunaandika Donat — katekista Donat ndiye mukubwa wa ateliye, karakana ya misioni, na ni mwanaume. Basi.

Alhamisi, 8 mars
Padri hataki yale macho. Eti mwanamuke mwema anaangalia chini. Alimwambia Donat, si mimi! Nami nimesimama pale pale, mikono imejaa wino.
Nikasema: ubao ukishachongwa haurudi. Mboni nyeusi ni mbao iliyobaki. Nikiitoa, kwenye karatasi panabaki peupe tu. Atakuwa kipofu! Donat akasema nisimuletee aibu. Kwa masista kuna wasichana wengine wa kushika kazi yangu.
Kwani nitaenda wapi?

Ijumaa, 9 mars
Nimeyatoa. Padri amefurahi: sasa anasali. Anasali! Aka!

Jumapili, 18 mars
Picha zimetundikwa. Watu wakamupongeza Donat, hata mama yangu muzazi! Roho iliniuma.
Kisha Mama Nyirarukundo akasogea, akajitambua. Akapiga kelele: "Nani amenitoboa macho? Kumbe ndiyo maana yananiwasha tangu juma lililopita!" Akamukamata Donat shati.
Na Donat, mbele ya wote, kwa sauti kubwa: "Si mimi, mama! Wivine ndiye aliyechonga. Zote ni zake."
Zote ni zangu. Mwaka muzima nimengoja mutu aseme hivyo.
Padri alisikia. Akaingia sakristia.

Jumatatu, 19 mars
Kituku wanasema ninaloga watu kwa karatasi. Asubuhi Donat ameniletea ule ubao. Amekwangua jina lake, anataka nichonge langu. Leo leo, kabla ya jioni.
Mama Nyirarukundo yuko mulangoni na binti zake wawili. Nilifikiri atanitukana. Hatukani. Anasema polepole tu: "Wivine, mwanangu, nilikukosea nini?"
Nikisema ni Padri, nani ataniamini?
Anauliza tena. Bado sijafungua mulango.